Mkandarasi wa nje kalipwa, kazi kaiacha njiani: tumdai wapi?

*"Tuko watano, tuna kampuni ndogo ya mbao hapa Mafinga. Tuliingia mkataba na kampuni ya China itujengee matanuri mawili ya kukaushia mbao, kila moja la meta za ujazo 50, kwa dola 62,000. Tulilipa asilimia 40 siku ya kusaini na asilimia 30 kabla ya mzigo kupakiwa, jumla dola 43,400, kwa TT (uhamisho wa fedha wa benki) kwenda akaunti ya Hong Kong. Kontena lilifika, mafundi wawili wakaja, wakasimamisha vyumba vyote viwili. Tanuri la kwanza linafanya kazi ila mbao hazikauki sawasawa, za upande wa mlangoni zinatoka mbichi. La pili halina feni nne wala kontrola. Mafundi waliondoka wakisema wanafuata vifaa, huu ni mwezi wa tano, ujumbe wanausoma na hawajibu. Aliyetuunganisha ni wakala wa Dar es Salaam, na ndiye aliyesaini mkataba kwa niaba yao. Wenzangu wengine wanataka twende polisi, wengine ubalozini, mmoja anasema tuuze zana walizoacha. Je, fedha zetu zote zitarudi? Tushtaki Iringa au lazima twende China?"*

Poleni sana. Tanuri lililosimama nusu linaumiza kuliko lisilokuwepo kabisa, maana kila asubuhi mnapita mbele yake. Nianze na jibu fupi. Si dola 43,400 zote zitakazorudi, na hata mahakama yenye huruma kiasi gani haitaamuru zote zirudi huku vyumba viwili na mitambo iliyofika vikibaki kwenu. Lakini hamko wanyonge kama mnavyojiona. Kuna vitu viwili viko ndani ya Tanzania: dola 18,600 ambazo hamjazilipa, na wakala aliyetia saini. Kwenye madai ya namna hii watu huanza kwa kuuliza nani mkosaji. Hilo kwenu liko wazi. Ulizeni kwanza mkosaji ana mali wapi ambayo amri ya mahakama inaweza kuifikia, kisha ndipo mchague mlango wa kubisha.

Niondoe kwanza yale ya wenzako. Polisi hawakusanyi madeni. Mtu aliyechukua fedha, akaleta kontena, akatuma mafundi, kisha akaacha kazi njiani, amevunja mkataba, na hilo ni shauri la madai. Linakuwa jinai pale mnapoweza kuonyesha kwamba udanganyifu ulikuwepo tangu mwanzo: kampuni haipo, cheti ni cha kughushi, hati ya shehena ni ya uongo, au akaunti iliyopokea ni ya mtu asiyehusika. Kwenu kontena lilifika. Mkifungua jalada bila ushahidi wa udanganyifu, mtazungushwa miezi na mwisho mtaambiwa mwende mahakama ya madai, muda umekwisha kwenda.

Ubalozi nao hauna mamlaka ya kumlazimisha mfanyabiashara binafsi alipe. Ofisi ya masuala ya uchumi na biashara ya ubalozi wa China inaweza kupokea barua na kufikisha ujumbe, na wakati mwingine ujumbe tu humwamsha mtu. Ubalozi wetu Beijing unaweza kuwaelekeza namna ya kuhakiki kama kampuni bado hai. Tumeni barua, haigharimu kitu, lakini msikae kuisubiri.

Kuuza zana walizoacha ni kosa la kuepuka kabisa. Zana hizo ni mali yao mpaka mahakama iseme vinginevyo, na siku mtakapoziuza, ninyi ndio mtakaogeuka washtakiwa. Zihesabuni, zipigeni picha, mziweke stoo chini ya kufuli, na orodha isainiwe na mashahidi wawili. Na kwa kuwa hili hutokea: fundi akirudi, asithubutu mtu kumnyang'anya pasipoti wala kumfungia geti hadi bosi wake alipe. Hata kitisho cha "tutawaita uhamiaji" kisiandikwe popote, kwa sababu swali la kwanza ambalo afisa uhamiaji atauliza ni nani aliyewaalika na walikuwa na kibali gani cha kazi.

Tuje kwenye fedha, kwa sababu hapa ndipo wengi hudai kisichodaika. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara iliyotokana kwa kawaida na uvunjaji huo, au ile ambayo pande zote mbili zilijua tangu kusaini kwamba ingetokea. Lengo ni kuwaweka mahali ambapo mngekuwa kazi ingekamilika. Hesabu yake iko hivi. Mkataba ni dola 62,000, mmelipa 43,400, mmebakiwa na 18,600. Tuseme mtaalamu mwingine anasema atakamilisha matanuri yote mawili, feni, kontrola na marekebisho ya la kwanza, kwa dola 27,000. Hasara yenu ya moja kwa moja ni 27,000 kutoa 18,600, yaani dola 8,400. Juu yake mnaongeza hasara nyingine mnayoweza kuithibitisha. Akisema atakamilisha kwa dola 15,000, basi kwa upande huu hamna hasara kabisa, na kinachobaki ni ucheleweshaji.

Najua hesabu hiyo haifurahishi. Lakini ndiyo atakayoipiga hakimu, na ndiyo inayoamua mahakama gani, wakili wa bei gani, na kama safari ya China ina maana. Njia ya kudai 43,400 zote ipo: kukataa kazi nzima kwa sababu haifai kitu, na kurudisha kila kilicholetwa. Kwa tanuri linalowaka na kukausha angalau upande mmoja, hoja hiyo ni nzito kuibeba.

Hasara ya oda mlizopoteza inadaika pale tu mlipomjulisha mkandarasi kabla ya kusaini kwamba mna mnunuzi anayesubiri mbao kavu kwa tarehe fulani. Tafuteni barua pepe au ujumbe wa wakati huo. Kama mkataba unataja faini ya ucheleweshaji kwa wiki, mahakama itatoa fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa, haiwapi moja kwa moja kiasi chote. Na mkumbuke sheria inaangalia mlifanya nini kupunguza hasara. Kuliacha tanuri likae mwaka mzima huku mkihesabu faida inayopotea kila mwezi ni kujiharibia, kwa sababu hasara ambayo mngeweza kuizuia hamlipwi.

Kwa hiyo mtahitaji fundi mwingine amalizie. Ila asiguse hata skrubu moja kabla ushahidi haujachukuliwa.

Ukaguzi ufanywe na mhandisi mitambo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na awe hana undugu wala biashara na yeyote kati yenu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia. Ripoti yake iwe na safu tatu: kilichoandikwa kwenye mkataba, kilichofika, kinachofanya kazi. Feni zihesabiwe moja moja, na namba za kwenye kibati cha kila mota ziandikwe. Aangalie mipira ya kuziba milango, koili za joto, matundu ya kutolea unyevu, vihisi vya joto na unyevu. Aangalie pia mapazia ya kuzuia hewa, yale yanayoshushwa juu ya rundo ili hewa ipite katikati ya mbao na si juu yake. Mbao za upande mmoja kubaki mbichi mara nyingi ni hewa kupita njia ya mkato, na sababu zake ni feni pungufu, mapazia yasiyofungwa au mlango unaovuja. Mhandisi aseme ni ipi.

Kisha lifanyike jaribio la kukausha, na hapa muwe makini, kwa sababu utetezi wa mkandarasi unajulikana kabla hajaufungua mdomo: mlipanga vibaya, mbao zilichanganywa, boila lenu halikutoa mvuke wa kutosha, umeme wenu ni mdogo. Kila kimoja mkifunge mapema. Pakieni paini mtupu wa unene mmoja, tuseme milimita 25. Vijiti vya kutenganisha viwe na unene sawa na vikae vimenyooka kutoka chini hadi juu. Volti zipimwe kwenye paneli mitambo ikiwa inafanya kazi, fezi zote tatu, na ziandikwe kila baada ya saa chache. Presha ya boila nayo vivyo hivyo. Na kama boila halijakaguliwa na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, likaguliwe kabla halijawashwa kwa jaribio hili. Ni usalama wenu, na pia ni tundu la kwanza ambalo wakili wa upande wa pili atalitafuta.

Kipimio cha kuchoma sindano kinasaidia, lakini unyevu ukizidi asilimia 30 hivi namba zake hazitegemeki, na chini ya hapo kinahitaji kurekebishwa kwa aina ya mti na joto. Ushahidi unaosimama ni wa kupima uzito. Kateni sampuli kutoka mlangoni, katikati na nyuma, juu na chini ya rundo, si kwenye ncha ya ubao bali ndani zaidi. Pimeni uzito papo hapo, kaushieni kwenye oveni ya maabara kwa nyuzi 103 hadi uzito usibadilike tena, halafu toeni uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawanyeni kwa uzito mkavu, zidisheni kwa 100. Sampuli ya gramu 168 iliyobaki gramu 150 ilikuwa na unyevu wa asilimia 12. Ya mlangoni ikiwa gramu 186 na kubaki 150, hiyo ni asilimia 24, na hakuna wakili atakayebishana na mizani. Linganisheni na kiwango kilichoahidiwa kwenye mkataba. Kama mkataba haukutaja kiwango chochote, angalieni kipeperushi au nukuu ya bei waliyowatumia kabla, huenda kimeandikwa humo.

Karatasi nazo zina mitego yake. Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu haupokelewi mahakamani kama kielelezo mpaka ulipiwe. Upelekeni TRA sasa, msisubiri kuaibishwa mbele ya hakimu. Benki iwape nakala ya MT103, yaani hati ya benki ya uhamisho wa fedha, ya kila malipo, ambayo inaonyesha jina kamili la aliyepokea. Wakala wa forodha awape TANSAD, yaani hati ya tamko la forodha, na orodha ya mzigo, kwa kuwa vinaonyesha kilichoingia nchini, na feni zisizoonekana humo hazikuwahi kuletwa. Mazungumzo ya simu yanapokelewa chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ila lazima mwonyeshe yalitunzwa bila kuguswa. Kama mlikuwa mkiwasiliana kwa WeChat, simu yenye mazungumzo hayo isibadilishwe wala kufutwa, kwa sababu historia yake inakaa kwenye simu yenyewe, haikusubirini mtandaoni. Picha za skrini zionyeshe akaunti ya anayeandika na tarehe, na zisikatwe katikati.

Kitu kingine ambacho watu hukipuuza ni jina. Jina la Kiingereza la kampuni ya China ni la kuitana tu. Jina la kisheria ni lile la Kichina, pamoja na namba yake ya usajili yenye tarakimu na herufi 18, na muhuri wa kampuni ndio unaobeba uzito kuliko saini. Kwenye mkataba wenu tafuteni vitu hivyo vitatu. Halafu linganisheni na MT103. Mlilipa Hong Kong, na kampuni ya Hong Kong kwa sheria ni mtu mwingine kabisa na kampuni ya China bara hata kama mwenyewe ni mmoja. Rejista zote mbili zinatazamika mtandaoni. Mkiona aliyesaini si aliyepokea fedha, hilo linamweka aliyepokea kwenye orodha ya wadaiwa, na ni jambo la kumwonyesha wakili siku ya kwanza.

Baada ya hapo ndipo notisi ya madai iandikwe. Iwe fupi: mkataba wa tarehe fulani, kilicholipwa, kilichopungua kwa mujibu wa ripoti ya mhandisi, na siku 21 za kuleta vifaa na kurudi kazini, la sivyo mtamaliza kazi kwa mtu mwingine kwa gharama yao. Bila kuweka tarehe hiyo, watasema kazi ilikuwa bado inaendelea. Itumwe kwa barua pepe iliyotajwa kwenye mkataba, kwa kampuni ya usafirishaji wa nyaraka yenye risiti ya kupokelewa, na kwenye WeChat. Ya Kichina iambatane na ya Kiingereza. Nakala aletewe wakala wa Dar es Salaam kwa mkono, asaini kupokea.

Na huyo wakala msimchukulie kama mpita njia. Wengi hudhani wakala hahusiki, kwamba "yeye alituunganisha tu". Kwa kawaida ni kweli, anayesaini kwa niaba ya mwingine hafungwi yeye binafsi. Lakini Sheria ya Mikataba inadhania kinyume chake katika hali tatu: wakala anaponunua au kuuza bidhaa kwa niaba ya mfanyabiashara anayeishi nje ya nchi, asipomtaja aliyemtuma, au aliyemtuma anapokuwa ametajwa ila hawezi kushtakiwa. Hali ya kwanza inawahusu ninyi. Dhana hiyo inaweza kupingwa. Ataonyesha maneno ya mkataba yanayomtoa, au atasema huu haukuwa uuzaji wa bidhaa bali kazi ya ujenzi. Ni hoja yenye pande mbili, sitawadanganya. Lakini ni hoja dhidi ya mtu mwenye ofisi, akaunti na anwani hapa nchini, na hiyo inaipa thamani kubwa kuliko hoja kamili dhidi ya mtu asiyefikika.

Nendeni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, mtandaoni mtafute taarifa za kampuni ya wakala. Tafuteni pia kama kampuni ya China yenyewe imesajiliwa hapa. Kampuni ya nje inayoweka mahali pa biashara Tanzania inatakiwa kupata cheti cha ukubalifu na kutaja mtu anayeishi nchini atakayepokea nyaraka za mahakama kwa niaba yake. Ikiwa wamesajiliwa, nusu ya ugumu imeondoka: samansi inapelekwa hapa hapa. Waulizeni pia Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Bodi haiwezi kuwarudishia fedha, lakini mkandarasi aliyesajiliwa anaogopa kupoteza usajili kuliko anavyoogopa barua yenu. Tena ulizieni viwandani, kuanzia Makambako hadi Mbeya na Tunduma, kama wana kazi nyingine inayoendelea. Fedha wanazomdai mteja mwingine bado ni mali yao, na mahakama inaweza kuamuru fedha hizo zisilipwe kwao mpaka shauri lenu liishe, mkionyesha kwamba wanataka kuzihamisha ili kukwepa hukumu.

Sasa swali lako la Iringa au China. Kabla ya yote someni kifungu cha migogoro kwenye mkataba, mara nyingi kiko ukurasa wa mwisho kwa herufi ndogo. Kikisema migogoro iende kwenye usuluhishi, kwa mfano CIETAC, tume ya China ya usuluhishi wa biashara iliyoko Beijing, mkifungua shauri mahakamani wao wataomba lisimamishwe chini ya Sheria ya Usuluhishi ya 2020, na watakubaliwa. Kikisema "usuluhishi China" bila kutaja taasisi yoyote, kitazua ubishi wa peke yake kuhusu uhalali wake kwa sheria ya China, na hapo muwe na wakili kabla ya kuamua. Kisiposema lolote, mahakama za hapa zina mamlaka, kwa kuwa kazi ilitakiwa kufanyika Mafinga na ndiko mkataba ulikovunjwa.

Mahakama ipi inategemea ile hesabu ya juu. Watu husikia kwamba mahakama ya wilaya inapokea madai hadi shilingi milioni 200 na kukimbilia huko. Kiwango hicho ni cha madai ya kawaida. Shauri la kibiashara, na hili ni la kibiashara, ukomo wake katika mahakama ya wilaya na ya hakimu mkazi ni milioni 70. Nikikadiria dola kwa shilingi 2,500, dai la 43,400 ni milioni 108 na nusu, linakwenda Mahakama Kuu Iringa. Dai la 8,400 ni milioni 21, linatosha Mahakama ya Wilaya Mufindi, jirani na kiwanda na mashahidi wenu. Ukikosea mlango, pingamizi la awali linaondoa shauri na unaanza upya. Kabla ya kufungua, wakurugenzi mkae, muandike azimio la bodi la kushtaki. Kampuni ndiyo inayodai, si ninyi watano, na kukosa azimio hilo ni pingamizi lingine linalopendwa sana.

Kumshtaki asiye na ofisi nchini kunahitaji kwanza ruhusa ya mahakama ya kupeleka samansi nje, na nyaraka hizo huchukua miezi. Asipotokea, mtapata hukumu ya upande mmoja. Hapo ndipo watu husherehekea mapema. Hukumu ya Iringa haitembei yenyewe hadi China. Mahakama ya kule huitazama kwa msingi wa mkataba kati ya nchi au kwa kutendeana sawa, na hilo si jambo la kuwekea matumaini ya fedha. Tuzo ya usuluhishi, yaani uamuzi wa msuluhishi, ni tofauti. Tanzania iliingia kwenye Mkataba wa New York wa 1958, unaohusu kutambua tuzo za nje, mwaka 1964 na China mwaka 1987, kwa hiyo tuzo inatekelezwa pande zote mbili, Hong Kong ikiwemo, na sababu za kuikataa ni chache. Ndiyo maana kile kifungu cha herufi ndogo, ambacho watu hukiona kama kimewekwa kuwakomoa, kinaweza kuwa ndicho kinachowafikisha kwenye mali yake.

Je, inafaa? CIETAC ina utaratibu mfupi wa msuluhishi mmoja kwa madai yasiyozidi yuan milioni 5, na dai lenu liko chini sana ya hapo. Hata hivyo kuna ada ya taasisi, wakili wa kule, na tafsiri ya kila karatasi. Kwa dai la dola 8,400 mimi nisingewashauri, mtatumia mbuzi kumdai kuku. Kwa dai la 40,000 lenye ushahidi wa mhandisi na kampuni iliyo hai, ulizeni bei kwa mawakili wawili wa mji ilipo kampuni kabla ya kuamua. Barua ya wakili wa Kichina, kwa Kichina, yenye jina sahihi na namba ya usajili, hugharimu kidogo na mara nyingi ndiyo ya kwanza kujibiwa.

Muda nao msiuchezee. Kwa sheria yetu ya ukomo, Sura ya 89, shauri la mkataba lina miaka sita tangu uvunjaji, na barua zenu za kudai hazisimamishi saa hiyo hata mkiandika mia. Inayoianzisha upya ni mdaiwa kukiri deni kwa maandishi yenye saini yake, au kulipa sehemu. China muda wa kawaida ni miaka mitatu. Mikataba ya kimataifa ya kuuziana bidhaa ina minne, lakini wenu una ufungaji ndani yake, hesabuni mitatu. Tofauti ni kwamba kule kudai kunaianzisha saa upya, mradi mthibitishe kwamba dai lilifika. Ile risiti ya usafirishaji mnaiona sasa ina kazi gani.

Wakili mmwone kabla notisi haijatoka, si baada ya kujibiwa. Iringa na Mbeya wapo mawakili wa mashauri ya biashara. Hakikini jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, na mwende na mkataba, MT103, ripoti ya mhandisi na azimio. Mkifika na hadithi peke yake, saa ya kwanza mnayomlipa itaishia kwenye kuulizwa karatasi. Mwone haraka zaidi, ndani ya siku hizi mbili tatu, ikiwa mmesikia wakala anafunga ofisi, au mkandarasi anaondoa mitambo kwenye kazi nyingine nchini, kwa sababu maombi ya kukamata mali kabla ya hukumu hayana maana mali ikishavuka mpaka.

Na ikiwa ndani ya zile siku 21 watajibu kwamba wanarudi, kubalini. Kumalizwa kwa kazi na aliyeianza ndiko kwa bei nafuu kuliko yote. Ila msitume hata dola moja "ya kukomboa feni". Zile 18,600 zibaki benki kwenu, mkubaliane kwa maandishi, yenye muhuri wao na tarehe, kwamba wanakiri kilichopungua na kwamba zitalipwa kwa mafungu: sehemu feni na kontrola zikishafika Mafinga na kuhesabiwa, sehemu kila tanuri likipita jaribio la mizani kwa sampuli za mlangoni, katikati na nyuma, na asilimia 10 baada ya miezi mitatu ya kazi bila hitilafu. Mhandisi wenu awepo siku fundi anapofika, na fundi asaini ripoti ya hali aliyolikuta tanuri kabla hajafungua boksi la zana.